Chafya ya Ubeti wa Pili

Wimbo wa Kipkurui ulikuwa umepigwa redioni wiki kadhaa bila mtu kuuliza chochote, mpaka jioni ile Profesa Kipngetich alipousimamisha katikati, akaurudisha nyuma kidogo, kisha akaiuliza Bomet nzima: "Mmesikia hiyo? Katika ubeti wa pili, ni nani amepiga chafya?"

Tecla alikuwa jikoni akimnyonyesha mtoto. Akamtazama mtoto. Mtoto naye akamtazama, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa kortini, kisha akaendelea kunyonya.

Profesa hakuwa profesa wa chuo chochote. Alikuwa mtangazaji wa Ukungu FM, na kipindi chake cha "Usilolijua" kilisikilizwa kuanzia Merigi mpaka kule chini kwenye miwa ya Fort Ternan, saa ambayo watu wanakamua ng'ombe na hawana mkono wa kubadilisha stesheni. Kazi yake ilikuwa kuwapa watu mambo ya ajabu kuhusu wanamuziki. Ndiye aliyetangaza kwamba kuna mpiga gitaa aliyerekodi wimbo karibu na reli, treni ikapita, na tangu siku hiyo wimbo huo ukipigwa ng'ombe wa Fort Ternan hujiondoa wenyewe relini. Ndiye aliyesema kuna mwimbaji wa Ndanai aliyekohoa kwenye rekodi yake ya kwanza, mashabiki wakamletea dawa za kifua mpaka akafungua duka la dawa. Kulikuwa na mwingine wa ng'ambo, jina lilimtoka Profesa, ambaye hawezi kuimba bila kukanyaga maziwa ya vuguvugu. Hakuna aliyemuuliza Profesa ameyatoa wapi. Jambo likiwa la ajabu vya kutosha, kuuliza ni kukosa adabu.

Ukweli wa chafya ile Tecla aliujua, na haukuwa na ajabu lolote.

Siku ya kurekodi, Omariba, prodyusa Mkisii aliyehamia Merigi na laptopu yake na maikrofoni iliyovishwa soksi, aliangika mablanketi kwenye kuta za sebule ya Kipkurui ili sauti isirukeruke. Mvua ikapiga mabati, wakangoja. Ilipoacha wakaanza tena, joto likawashinda, na Omariba akausukuma mlango kwa mguu. Jua likaingia moja kwa moja likamgonga usoni Cherop, aliyekuwa mapajani mwa mama yake. Sekunde hiyohiyo Kipkurui alikuwa akimtaja prodyusa wake, kama wafanyavyo waimbaji wote siku hizi: "Omaribaaa!" Na Cherop akajibu: "Chii!"

Basi. Mtoto alikuwa hivyo tangu azaliwe. Ukimtoa gizani jua likampata usoni, anapiga chafya. Nesi wa kliniki alimwambia Tecla asiogope, wako watoto wa namna hiyo na hata watu wazima. Omariba alikuwa na vidude vyake masikioni, chafya hakuisikia. Ikabaki humo.

Wimbo wenyewe uliitwa "Kikapu Kimejaa." Kipkurui aliutunga Tecla alipokuwa na mimba, akimwona anapanda kutoka shambani, kikapu cha majani chai mgongoni na tumbo mbele. "Mzigo mbele, mzigo nyuma, na bado unanichekea." Tecla aliposikia mstari huo mara ya kwanza alikwenda nyuma ya nyumba akajifanya anaanua nguo. Sasa watu walikuwa wanauvumilia mstari huo ili wafike kwenye chafya.

Simu zilimiminika Ukungu FM. Mtu wa Ndanai alisema ameipunguza mwendo, na hiyo ni chafya ya mwanaume mzima mwenye ndevu. Mama mmoja alisema chafya safi namna hiyo haiwezi kutoka hapa kwetu, lazima ilinunuliwa Nairobi. Mwanafunzi mmoja wa Kericho aliapa kwamba ukiicheza kinyumenyume inasema "chai." Profesa aliwashukuru wote kwa utafiti wao.

Hapo ndipo mlango wa jikoni ulipofunguka, Rebeccah, mama yake Kipkurui, akaingia na ndoo ya maziwa nusu. Alikuwa amemwacha ng'ombe kabla ya kumaliza kumkamua. Jambo hilo halikuwahi kutokea.

"Mama Cherop! Umesikia? Mtoto amekubali jina!"

Tecla akamvuta mtoto karibu zaidi.

Mtoto alikuwa na majina mawili tayari. Joan alipewa na mchungaji. Cherop, kwa sababu alizaliwa mvua ikinyesha. Alilokosa ni la tatu, kurenet, jina la mtu wa ukoo aliyetangulia ambaye anarudi kwa mtoto. Akina mama hukaa na mtoto wakaita majina ya marehemu, moja baada ya jingine, na lile ambalo mtoto atalipigia chafya ndilo lake. Wachungaji wanajua, na hawasemi kitu, maana hata wao wanalo.

Akina mama walikuja Cherop alipozaliwa, na thermosi zao za chai. Wakaita ukoo wa Kipkurui, kuanzia babu aliyekuwa na ng'ombe wengi mpaka shangazi aliyemkimbia mumewe mara tatu. Cherop akalala fofofo. Mmoja akatoa ugoro ampulizie kidogo puani, Tecla akaanza kulia, wakaahirisha. Hapo Tecla aliomba kwa sauti ya chini wamjaribu Taprandich, nyanya yake wa Ndanai. Taprandich ndiye aliyemlea. Alifariki Tecla akiwa amekaribia kujifungua, daktari akamkataza safari, akazikwa Tecla akiwa amelala kitandani Merigi akihesabu mabati ya paa. Hakumtupia hata konzi ya udongo. Alichotaka ni siku moja amwite tena mtu kwa jina hilo, mtu huyo aitike.

"Upande wa mama ni wa mwisho," Rebeccah alisema siku ile. "Tuwamalize kwanza wa kwetu."

Na sasa Rebeccah alikuwa amesimama na ndoo, macho yanang'aa.

"Amekubali jina gani, Mama?"

"Si hilo lililoitwa? Omariba."

"Omariba ni Mkisii."

"Roho haina kitambulisho."

"Na ni mzima, Mama. Si jana alikuwa hapa hapa akinywa chai?"

Rebeccah akatua ndoo chini. Hilo hakuwa amelifikiria. Kisha akauliza kwa huruma: "Alimaliza kikombe?"

Kesho yake kwenye kituo cha kuuzia majani habari ilikuwa imefika kabla ya Tecla. Alikuta watu wamepanga vikapu mstarini, na Nyanchoka, jirani yake Mkisii anayechuma kwenye mashamba makubwa na kulima kipande chake jioni, ameigeuzia mizani mgongo ili asimulie vizuri.

"Huyu hapa mwenyewe!" Nyanchoka akasema. "Tecla, nyinyi watu mna tabia gani? Zamani mlituibia ng'ombe, tukasamehe. Sasa mmeanza kuiba roho?"

"Wacha mchezo, Nyanchoka. Mtoto alipigwa na jua."

"Jua gani linajua jina la mtu? Omariba mwenyewe ameacha pikipiki. Anatembea kwa mguu, tena pembeni ya barabara, kama amebeba mayai."

Watu walicheka mpaka mpima majani akakosea akaanza upya. Tecla naye alicheka, kidogo, lakini alipomfunga mtoto mgongoni alimfunga kwa nguvu kuliko kawaida.

Adhuhuri Omariba mwenyewe akafika nyumbani kwa Tecla, jasho tele. Alikataa kiti. Alikataa chai pia, halafu akakumbuka kukataa chai kutatafsiriwa vipi, akanywa vikombe viwili mfululizo huku akimtazama Rebeccah.

"Mama, mimi niko sawa. Nimepimwa presha, sukari, mpaka macho. Daktari aliniuliza naumwa wapi, nikamwambia siumwi, naumizwa na redio." Akamgeukia Kipkurui. "Bwana, naitoa hiyo chafya. Leo leo. Nakata tu, dakika moja."

Kipkurui aliruka kama aliyekanyaga siafu. "Ukiitoa, wimbo utabaki na nini?"

"Utabaki na maneno," Tecla akasema.

Simu ya Kipkurui ilikuwa inalia, na ilikuwa ni Profesa; akatoka nje kuipokea.

Kipkurui hakuwa mtu mbaya. Tecla alijua hivyo hata alipomkasirikia. Alikuwa mtu aliyeimba kwenye harusi za watu miaka yote akilipwa wali, na sasa watu wa mbali walikuwa wanamsimamisha barabarani wakimwomba apige chafya. Alirudi ndani akitembea kwa vidole.

"Profesa anakuja Jumamosi," akasema. "Laivu. Anataka mtoto apewe jina hewani, Bomet yote isikie. Yaani, tutakuwa familia ya kwanza."

"Ya kwanza kufanya nini?"

"Hiyo."

"Jina la mtoto si tangazo la mbolea, Kipkurui."

Alikuna kichwa. "Iko mbolea kidogo. Mwenye duka la pembejeo ametoa jina la marehemu babake. Na yule anayetafuta udiwani, yeye alitaka liitwe lake mwenyewe, mkewe akamkataza. Ametoa la babake pia."

"Na nyanya yangu?"

"Profesa anasema nafasi zimejaa."

Tecla alimtazama mpaka akaangalia chini.

"Nilishasema ndiyo, Mama Cherop," Kipkurui akanong'ona. "Nilisema laivu."

"Basi mtoto atakuwa mikononi mwangu. Na ugoro hauingii kwenye boma hili."

Jumamosi ilianza na ukungu mzito, majani chai yakaonekana kama yamefunikwa shuka. Tecla alimshukuru Mungu kwa ukungu. Kisha akamwomba asiuondoe. Kitu alichokiogopa hakuna mwingine aliyekijua: jua likichomoza wakati marehemu baba wa mgombea anaitwa, binti yake angebeba jina la mzee huyo maisha yake yote, na kila uchaguzi mzee angekuja kudai kura. Akamfunika Cherop uso kwa leso, akakaa chini ya ukingo wa paa penye kivuli zaidi.

Watu walijaa. Wengine walipanda juu ya vichaka vya chai ya jirani, wakatukanwa, wakashuka, wakapanda tena. Omariba alikaa mstari wa mbele, mahali pa wazi, ili wote waone anavyopumua. Profesa alifika amevaa koti na miwani ya jua kwenye ukungu, kumbe ni kijana mwembamba ambaye sauti yake ilikuwa kubwa kumliko.

"Wapenzi wasikilizaji!" akaanza. "Je, unajua? Huyu ndiye mtoto wa kwanza duniani kuwa na chafya inayopigwa redioni kuliko baba yake!"

Kipkurui alitabasamu. Tabasamu hilo lilichukua muda kukamilika.

Profesa akaanza kusoma majina kutoka kwenye simu yake. La kwanza lilikuwa la baba wa mwenye duka la pembejeo, na baada ya jina akasoma bei ya mbolea. Cherop alijinyoosha. La pili lilikuwa la baba wa mgombea, na hapo mtoto akajikunja, akakaza uso, akatoa sauti ndogo lakini ya wazi kabisa, ya upande mwingine.

Vichaka vya chai vikatetemeka kwa kicheko.

"Hiyo inahesabika?" Profesa aliwauliza akina mama, mkono juu ya maikrofoni.

"Inahesabika," mmoja akajibu. "Lakini si kwa jina."

Wapambe wa mgombea wakataka jina lirudiwe. Likarudiwa. Cherop akapiga miayo. Likafuata la kinyozi, la mwenye lori, la mjomba wa Profesa. Na mwisho, karibu na chini, Profesa akasoma jina la mzee wa boma lile, marehemu mume wa Rebeccah, na akalisoma vibaya, kwa haraka, kama mtu anayefagia makombo.

Rebeccah akasimama.

"Kijana," akasema. "Huyo ni bwana yangu. Umemweka nyuma ya kinyozi?"

"Mama, tuko hewani—"

"Na uko kwenye boma yake. Watu wetu waliokufa wanapanga laini nyuma ya mbolea?"

Profesa alijua hatari alipoiona. "Wapenzi wasikilizaji, usiondoke, tunarudi baada ya tangazo hili la dawa ya kupe!" Akabonyeza kitu, akafuta jasho, akakimbilia kivuli cha upande wa pili kubishana na wapambe.

Tecla aliona juu ya kilima ukungu unachanika. Kipande cha shamba la mbali kikawa kijani, kisha cha karibu yake, mwanga ukitembea juu ya chai kuja nyumbani.

"Mama," akasema. "Upande wa kwenu umeisha?"

Rebeccah, bado ana hasira, akamtazama. Akaitazama leso juu ya uso wa mtoto. Akautazama mwanga uliokuwa umefika kwenye ua. Tecla hakujua mama mkwe ameona nini, ila alimwona anasogea karibu, anainama, anaziweka sawa nguo zake kama mtu anayeingia kanisani.

"Umeisha," Rebeccah akasema. "Alikuwa anaitwa nani, huyo wa Ndanai?"

"Taprandich."

Tecla akainuka, akapiga hatua moja kutoka chini ya paa, akaifunua leso. Rebeccah akaita kwa sauti yake yote, jina likapita juu ya chai: "Taprandich!"

"Chii!" Na baada ya kuvuta pumzi, kana kwamba alitaka kuondoa shaka: "Chii!"

Vigelegele vilipasua hewa. Nyanchoka aliyekuwa juu ya kichaka alianguka ndani yake akiendelea kupiga vigelegele kutoka huko huko. Omariba alipiga magoti palepale kwenye matope akamshukuru Mungu kwa Kikisii. Tecla hakuona vizuri lolote kati ya hayo. Alikuwa ameinamisha uso kwenye shingo ya mtoto akilitamka jina polepole, bila kuharakishwa na mtu.

Profesa alirudi akikimbia, miwani mkononi. "Nini? Imetoka? Imetoka wakati wa kupe? Rudieni! Mama, mwite tena, sekunde tano tu!"

"Jina haliitwi mara mbili," akasema Rebeccah.

"Baba Cherop! Mwambie!"

Kipkurui alimtazama mkewe. Kisha akaenda taratibu mpaka kwenye ukuta, akauchomoa waya wa Profesa, akaukunja vizuri, akampa mkononi.

"Karibu chai, Profesa," akasema.

Jioni, Tecla alimkuta Rebeccah kwenye zizi akikamua. Alisimama na mtoto mgongoni, dhamiri ikimchoma.

"Mama, ile chafya. Kusema kweli—"

"Jua lilitoka vizuri leo," Rebeccah akasema bila kugeuka. Maziwa yalichuruzika ndooni. "Sisi zamani tulikuwa tunatumia ugoro. Unafikiri wote hao tulikuwa tunangojea tu? Mume wangu mwenyewe, mama yake aliniambia, alipuliziwa mara nne ndio akakubali. Jina ni la yule anayelihitaji. Nishikie huyu ng'ombe mkia."

Kwenye redio, Profesa alikuwa ameshapata ajabu mpya. Je, unajua kwamba ipo chafya iliyotokea nyuma ya tangazo la dawa ya kupe? Bomet nzima ilitaka tangazo lirudiwe. Likarudiwa. Mtu wa Ndanai aliipunguza mwendo akaisikia, wazi kabisa, baada ya neno "kupe." Mama mmoja alisema ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi. Ndani ya siku chache watu walikuwa wanapiga simu kuomba tangazo kwa jina, na wenye dawa wakaishiwa na dawa.

"Kikapu Kimejaa" hakuna aliyeuomba tena. Kipkurui alinuna siku mbili, akarudi kwenye harusi na wali wake. Ndipo jioni moja, fundi wa mitambo wa Ukungu FM alipohitaji kitu cha kujaza muda, akauweka. Haukusimamishwa, haukurudishwa nyuma, hakuna aliyezungumza juu yake. Ulipita wote, kutoka mwanzo mpaka mwisho, jikoni kwa Tecla, huku mvua ikianza kunyesha.

Mzigo mbele, mzigo nyuma, na bado unanichekea.

Rebeccah aliacha kukoroga uji. Alisikiliza ubeti wa kwanza, wa pili, chafya ikapita bila yeye kushtuka, wa tatu. Ulipoisha alimtazama mwanawe aliyekuwa amekaa mlangoni akikwepa macho ya watu, halafu akamgeukia Tecla.

"Kumbe huu wimbo uko na maneno," akasema.

"Yapo, Mama," Tecla akajibu, akamhamisha Taprandich bega la pili.